Chupa za Barabara ya Mikumi na Bakteria wa Sakai

Abiria wa basi la Mbeya hununua maji stendi ya Msamvu, Morogoro, na kwa joto la mchana chupa ya nusu lita huwa tupu kabla gari halijamaliza kuvuka Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaipasua hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi. Humo ndimo tembo na twiga wanavuka lami, humo ndimo madereva wanatakiwa kupunguza mwendo, na humo ndimo madirisha ya mabasi na malori yanafunguka, chupa zikatoka. Nyani wa kando ya barabara wameshajua kwamba gari likipita kuna kitu kitaanguka. Huja kukagua.

Mvua ikinyesha, chupa hupata miguu. Maji ya uwanda wa Mkata huelekea kaskazini, Mto Mkata ukaungana na Wami, na Wami ukaingia Bahari ya Hindi kupitia Hifadhi ya Saadani. Upande wa Kilosa mjini kazi hiyo hufanywa na Mkondoa, mto ambao wenyeji wanazijua hasira zake: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha watu zaidi ya 20,000 bila makazi na kuikata reli ya kati. Mto wenye nguvu ya kung'oa reli hausumbuliwi na chupa. Taka iliyotupwa nyuma ya soko la Kilosa ina njia ya maji iliyonyooka mpaka kwenye fukwe ambako kasa wa Saadani hutaga mayai.

Kwa hiyo habari ya bakteria wanaokula chupa inatuhusu sana sisi wa bonde hili. Imetufikia kwa vipande, kwa vichwa vya habari na video za simu, na mara nyingi imesimuliwa kana kwamba plastiki imeshapata dawa yake. Bado haijapata. Kilichogunduliwa ni kidogo kuliko hivyo, ila ni cha kweli, na mtu akikielewa vizuri kinamwonyesha la kufanya na takataka iliyo mbele ya mlango wake.

Kisa kinaanzia Sakai, mji wa viwanda ulio jirani na Osaka, Japani. Watafiti Shosuke Yoshida, Kohei Oda na wenzao walikusanya sampuli 250 za udongo, tope na majitaka kwenye eneo la kiwanda cha kurejeleza chupa, mahali ambapo ardhi yenyewe ilikuwa imezoea plastiki. Katika sampuli moja wakakuta kundi la vijidudu lililokuwa limejishikiza kwenye kipande cha plastiki na kukila. Wakamtenga bakteria aliyekuwa akifanya kazi hiyo, wakampa jina la mji: Ideonella sakaiensis. Machi 2016 jarida la Science lilichapisha matokeo. Utando mwembamba wa plastiki aina ya PET, ile ya chupa za maji na soda, ulikuwa umeliwa karibu wote kwa wiki sita hivi, kwenye nyuzijoto 30. Hilo ni joto ambalo Kilosa inalijua vizuri bila msaada wa tanuri.

Bakteria huyo hana meno. Anatoa kimeng'enya. Anayetaka kujua kimeng'enya kinafanya nini atafune tonge la ugali mkavu bila kumeza, akilizungusha mdomoni kwa muda. Ugali utaanza kuwa mtamu, kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye mate kinakata minyororo mirefu ya wanga na kuacha vipande vya sukari. PET nayo ni mnyororo, mrefu sana, uliounganishwa kwa viungo ambavyo wanakemia huviita esta. Kimeng'enya cha kwanza cha bakteria wa Sakai, petasi, hukata viungo hivyo. Cha pili hukimalizia kile kilichobaki. Mwishoni kinapatikana kile kile ambacho kiwanda kilianzia: asidi ya tereftaliki na ethilini glaikoli. Bakteria anavitumia kama chakula. Kiwanda kinaweza kuvichukua, kuvisafisha, na kutengeneza PET mpya isiyo na tofauti na ile iliyotoka kwenye mafuta ya petroli.

Hapo pana jambo ambalo urejelezaji wa kawaida hauliwezi. Chupa ikisagwa na kuyeyushwa, minyororo yake hukatika ovyo, rangi huchanganyika, na plastiki inayopatikana huwa dhaifu kidogo kuliko mama yake. Baada ya mizunguko kadhaa inaishia kuwa uzi wa zulia au kamba. Kimeng'enya kinairudisha mpaka mwanzo. Na hakijali kama PET hiyo ilikuwa chupa au nguo. Polista ni PET iliyosokotwa kuwa uzi. Jezi nyingi za mpira tunazovaa, za Simba na za Yanga, ni jamaa wa karibu wa chupa ya maji, na robota la mitumba linalofunguliwa siku ya gulio lina polista tele ambayo ikichakaa kabisa hakuna anayeinunua tena.

PET iligunduliwa Uingereza na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson mwaka 1941, na chupa yake ikapata hataza Marekani mwaka 1973. Kati ya 1941 na 2016 ni miaka 75. Wengi walishangaa: bakteria amejifunzaje kula kitu kipya namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo? Sehemu ya jibu iko kwenye majani ya miti.

Ngozi ya jani ina kutini, kinga inayolinda maji ya jani yasipotee juani. Kutini nayo imefungwa kwa viungo vya esta, jamii moja na vile vya chupa. Jani likianguka, kuna ukungu na bakteria wanaoitafuna kinga hiyo kwa vimeng'enya vyao, na wameifanya kazi hiyo kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walichota mboji ya majani na matawi, wakapata humo jeni ya kutinasi, yaani kimeng'enya cha kukata kutini, na wakaona kinakata PET pia. Hakikuhitaji dampo la plastiki. Kilitoka kwenye lundo la majani yanayooza.

Habari hii ya mboji ndiyo inayonigusa kuliko ya Sakai. Kila kiangazi miombo ya Mikumi na ya miteremko ya Rubeho na Ukaguru humwaga majani yake, na mvua za mwaka unaofuata hukuta kazi ya kuyaozesha imeshaanza. Wakataji wa kutini wamo humo. Lazima wawemo, la sivyo tungekuwa tunatembea juu ya majani ya enzi za babu zetu. Ni wangapi, wanavumilia joto kiasi gani, vimeng'enya vyao vina umbo gani, hayo ni maswali ya maabara, na nitayarudia.

Kimeng'enya cha mboji ndicho kilichokwenda mbali. Mwaka 2020 kampuni ya Carbios ya Ufaransa, pamoja na watafiti wa Toulouse wakiwemo Alain Marty na Isabelle André, ilitangaza katika jarida la Nature kwamba imekibadilisha sehemu chache kikaweza kuhimili nyuzijoto 72 na kuvunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10. Wiki sita za Sakai zimekuwa kutwa moja. Joto hilo lina maana yake: karibu na nyuzi 70 minyororo ya PET hulegea, na kimeng'enya hupata pa kuingilia. Mwaka 2022 timu ya Hal Alper wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ikitumia programu ya kompyuta inayojifunza yenyewe, ilitoa kimeng'enya kingine kinachofanya kazi chini ya nyuzi 50. Wafaransa walianza maandalizi ya kiwanda huko Longlaville, cha kumeza tani 50,000 za taka kwa mwaka, kisha ratiba ikasogezwa mbele kwa sababu ya fedha. Sayansi imekubali, mahesabu bado yanagoma, na sababu mojawapo ni kwamba plastiki mpya inayotoka moja kwa moja kwenye petroli ni rahisi mno.

Kuna hatua moja ambayo video za simu huiruka. Chupa haiingii kwenye pipa la kimeng'enya kama ilivyo. PET ya chupa imenyooshwa na kupangika kwa ndani, ikawa ngumu kama fuwele, na kimeng'enya hakipati pa kushika. Utando wa Sakai ulikuwa laini, ulichaguliwa kwa makusudi. Chupa lazima ikusanywe, itenganishwe na plastiki nyingine, ioshwe, iyeyushwe na kupozwa haraka ili ule mpangilio uvurugike, isagwe kuwa unga, ndipo iingie kwenye maji ya moto pamoja na kimeng'enya. Asidi inayozaliwa humo inabidi itulizwe kwa alkali, na chumvi inayobaki itafutiwe pa kwenda. Neno la kwanza katika mlolongo huo ni kukusanya. Bila mtu wa kuinama na kuokota, Toulouse na Texas hawana cha kumeng'enya.

Kwa hiyo anayenyunyiza bakteria kando ya barabara ya Mikumi akitegemea chupa zitayeyuka atangoja sana. Na anayehofia kwamba bakteria hao watatoroka na kutoboa tangi lake la maji alale salama: matangi na mabomba yetu si PET.

Hili la aina za plastiki ndilo ninaloomba msomaji alibebe mpaka nyumbani. Geuza chombo, mara nyingi chini yake kuna pembetatu yenye namba. Namba 1 ni PET: chupa ya maji, ya soda, ya mafuta ya kula ya madukani. Namba 2 na 4 ni polietilini: dumu, kopo la maziwa, nailoni ya kufungia karanga, ile mifuko ya rambo ya zamani. Namba 5 ni polipropilini: salfeti la mahindi, ndoo, kontena la chakula. Namba 6 ni polistirini, ikiwemo ile sahani ya povu ya chipsi. Hata kifuniko cha chupa ya maji si ndugu wa chupa yenyewe, ni polietilini au polipropilini.

Kati ya hizo zote, petasi na kutinasi zinaigusa namba 1 peke yake. Nyingine minyororo yake ni kaboni iliyoshikana na kaboni, bila kiungo cha esta pa kukata, na kaboni kwa kaboni ni ndoa ngumu kuvunja. Tazama sasa lundo lolote la taka la wilaya hii ya wakulima, Kilosa. Salfeti zilizochanika za mahindi na mpunga, mifuko ya mbolea, makopo ya dawa za kuulia wadudu, nailoni. Sehemu kubwa ya lundo hilo haimo kwenye habari njema ya Sakai.

Kwa plastiki hizo ngumu, walio karibu nasi wamefika mbali kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 watafiti wa Kenya, Christabel Muhonja akiwa mwandishi wa kwanza, walichapisha katika jarida la PLoS ONE kazi waliyoifanya na udongo wa Dandora, dampo kubwa la Nairobi. Walitenga humo ukungu na bakteria, wakawapa karatasi za polietilini kwa wiki 16. Ukungu mmoja wa jamii ya Aspergillus na bakteria mmoja wa jamii ya Bacillus walipunguza uzito wa plastiki kwa zaidi ya theluthi. Kwa polietilini hayo ni matokeo makubwa. Na mwaka 2024 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, katika kazi iliyoongozwa na Fathiya Khamis, kilionyesha kwamba viluwiluwi vya mbawakawa wadogo wa jamii ya Alphitobius, ambao wafugaji huwakuta kwenye mabanda ya kuku, wanaweza kula polistirini. Walipochanganyiwa na pumba waliishi vizuri zaidi na kuvunja takriban asilimia 11.7 ya plastiki katika jaribio lililozidi mwezi mmoja. Siri imo matumboni mwao, kwenye bakteria. Lengo la icipe ni kuwatambua bakteria hao na vimeng'enya vyao, kwa sababu kumwaga mamilioni ya wadudu kwenye dampo si mpango.

Dandora ni dampo, Alphitobius ni mdudu wa bandani. Hakuna kilichoagizwa kutoka ng'ambo.

Serikali nayo imefanya sehemu yake, na sitaki kuipita kimya. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kwa kanuni zinazomtoza atakayekutwa ameibeba kati ya shilingi 30,000 na 200,000, na mtengenezaji hadi shilingi bilioni moja. Zanzibar ilitangulia tangu 2006. Anayeikumbuka mitaro ya Kilosa ya mwaka 2015 ataona tofauti leo. Lakini chupa haikuguswa, na si rahisi kuigusa mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki na safari ni ndefu. Marufuku iliondoa plastiki iliyokuwa ngumu kuvunja na isiyo na mnunuzi. Iliyobaki barabarani kwa wingi ni ile ambayo sayansi imeipatia njia na ambayo tayari ina bei kwa kilo.

Bei hiyo hulipwa kidogo mno. Waokota chupa wa Mikumi na Kilosa, wengi wao wanawake na vijana, hutembea na salfeti begani, na chupa ni nyepesi: kilo moja inataka makumi ya chupa. Lori la kwenda Dar es Salaam linabeba hewa zaidi ya plastiki, nauli inakula faida, na anayebanwa ni yule wa mwanzo kabisa. Mashine ya kusaga chupa kuwa vipande, ikiwekwa Mikumi mjini, ingebadilisha hesabu hiyo, kwa kuwa vipande vilivyooshwa hujaa kwenye gunia na hulipwa zaidi. Vijana wa kuiendesha na kuitengeneza wapo, chuo cha ufundi cha VETA kiko hapo hapo Mikumi. Na vipande hivyo ndivyo kiwanda chochote cha vimeng'enya, popote kitakapojengwa, kitakavyovihitaji. Kazi ya leo na kazi ya miaka kumi ijayo zinaanzia kwenye mashine ile ile. Wanaouza maji na soda wanapaswa kuichangia. Chupa imewapa faida, na gharama ya kuiokota wamemwachia mama mwenye salfeti.

Hata joto lipo. Ng'ambo ya kusini ya wilaya, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero yanayoingia upande wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu, viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kupata mvuke. Maji ya nyuzi 70 kwa kiwanda cha sukari ni mabaki ya kazi. Sisemi kiwanda cha kumeng'enya chupa kijengwe Ruhembe kesho, chupa za barabara moja haziwezi kukishibisha. Nasema mtu anayepanga viwanda vya mkoa huu asiandike kwamba hatuna masharti yake.

Narudi kwenye majani ya miombo, na kwenye onyo kutoka kwa jirani. Mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kulalamika kwamba vijidudu vya ziwa la magadi la Bogoria vilikuwa vimechukuliwa miaka ya 1990, vikatoa vimeng'enya vinavyotumika kwenye sabuni na kupausha nguo za jinzi, na Kenya haikupata kitu. Walioguswa walikana kukosea. Mwaka 2007 shirika hilo likasaini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafutaji wa vijidudu kwenye hifadhi zake, yenye kipengele cha kugawana manufaa na kuwafundisha watafiti wa Kenya. Tofauti ya visa hivyo viwili ni kwamba katika cha pili mwenye ziwa alikuwa mezani tangu mwanzo.

Mwenye miombo awe mezani tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, saa chache kutoka hapa, na kina watu wanaoujua udongo na vijidudu vyake. Jaribio la kwanza halihitaji mtambo wa mabilioni: udongo wa chini ya majani, udongo wa chini ya chupa zilizokaa miaka kando ya lami, tope la Mkondoa chini ya soko, kila sampuli kwenye chupa ya maabara pamoja na utando mwembamba wa PET uliopimwa uzito, kisha kupimwa tena baada ya wiki kadhaa. Ndivyo Sakai walivyoanza, na ndivyo Dandora walivyoanza. Ndani ya mipaka ya hifadhi mtafiti atahitaji vibali vya tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na vya taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, na maombi hayo huchukua muda. Kwenye dampo la Kilosa na kingo za Mkondoa milango ya kubisha ni ya halmashauri na ya ofisi ya bonde la Wami na Ruvu. Sampuli za kiangazi zichukuliwe kabla ya mvua za Novemba, maana mto ukishajaa, tope la mwaka mzima huondoka na maji.